Programu ya mishahara huitambuaje bonasi?

Swali: "Assalamu alaykum. Mimi ni mhasibu wa hoteli ya kiasi huku Paje, Unguja. Tangu mwanzo wa mwaka tumeacha kutengeneza mishahara kwa Excel, tukanunua programu iliyotengenezwa Marekani. Mwezi uliopita, pamoja na mshahara, tulilipa bonasi ya msimu, mgao wa ada ya huduma na mkono wa Idi. Bonasi ilikatwa kodi ambayo sikuweza kuipata kwa hesabu ya mkono. Mgao wa ada ya huduma ulionekana kwenye slipu lakini haukuingia benki. Mkono wa Idi haukukatwa chochote. Wafanyakazi wamenijia juu. Programu inaamua vipi kuwa haya ni mshahara na hii ni bonasi, na mimi nirekebishe wapi?"

Jibu: Waalaykumu salamu warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu mhasibu.

Umeuliza programu inaamua vipi, na jibu ni kwamba haiamui. Programu ya mishahara haijui kwa nini mtu amelipwa. Inachokijua ni kipengele cha malipo ulichokichagua, na alama ambazo kipengele hicho kimewekewa, ama na wewe mwenyewe, ama na mtengenezaji kabla hujainunua. Jina "Bonasi" linaloonekana kwenye skrini limewekwa ili lisomwe na watu. Ukilifuta ukaandika "Mshahara", hesabu haitabadilika hata kwa shilingi moja. Na ukikichukua kipengele cha mshahara wa msingi ukakiita bonasi, kitaendelea kuhesabiwa kama mshahara wa msingi. Wahasibu wengi hupoteza siku nzima wakikagua viwango vya kodi, ilhali viwango ni sahihi na kosa limekaa kwenye alama.

Fungua ukurasa wa mipangilio ya kipengele kimoja, kiwe chochote, nawe utaziona alama zenyewe. Ipo inayosema kama malipo hayo yanatozwa kodi na kwa njia gani. Ipo inayosema kama yanaingia katika kiasi kinachokatiwa mchango wa hifadhi ya jamii. Ipo inayosema kama yanahesabiwa katika kiwango cha msingi ambacho kwacho hupatikana malipo ya saa za ziada, malipo ya likizo na stahiki za mwisho wa ajira. Ipo inayosema kama yanajirudia kila mwezi au yanalipwa mara moja. Ipo ambayo watu huipita bila kuisoma, inayosema kama fedha hizo zinakwenda mkononi mwa mfanyakazi au zinatajwa tu kwa ajili ya hesabu. Mwisho kuna akaunti ya leja, yaani mahali malipo hayo yanapoandikwa katika vitabu vya hesabu vya hoteli, ambayo mfanyakazi haioni. Mshahara, bonasi, posho na kamisheni, kwa upande wa programu, ni michanganyiko mbalimbali ya alama hizi na si zaidi ya hapo.

Kabla sijaingia katika malipo yako matatu, lazima niseme jambo linalozihusu hoteli zote za Unguja na Pemba. Orodha ya mishahara ya Zanzibar inasimama juu ya sheria za pande mbili. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara, inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo mkataba wa mfanyakazi wako unaongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, na hifadhi yake ya jamii iko ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998. Programu za nje, hata zile zinazokupa nafasi ya kuchagua nchi, mara nyingi zina chaguo moja tu la "Tanzania", na chaguo hilo limejengwa kwa kutazama Bara: linakuja na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, ambako kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi huchangia asilimia 10 kila mmoja, na linakuja na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambao ni wa Tanzania Bara. Ukiliacha hivyo lilivyo, kila kipengele utakachokitia alama ya hifadhi ya jamii kitahesabiwa kwa kanuni za mfuko ambao mfanyakazi wako si mwanachama wake. Jedwali la PAYE nalo usilipokee kwa kuwa limo tu ndani ya programu. Lilinganishe na jedwali ambalo ofisi ya TRA ya Zanzibar inakutaka ulitumie.

Sasa tuitazame bonasi. Kwa vile programu yako imetoka Marekani, ninashuku kwamba ulichagua kipengele cha bonasi kilichokuja nayo. Katika sheria ya kodi ya Marekani, bonasi ni miongoni mwa mishahara ya nyongeza, na mwajiri anaruhusiwa kuikata kodi ya shirikisho kwa kiwango kimoja cha asilimia 22 bila kutazama jedwali la mshahara wa kawaida, maadamu malipo ya aina hiyo kwa mwaka hayajavuka dola milioni moja. Unaweza kulithibitisha hili kwa dakika moja. Chukua kodi iliyokatwa kwa sababu ya bonasi, uigawe kwa bonasi yenyewe. Kama mtu alipewa bonasi ya shilingi 500,000 na makato yaliyotokana nayo ni 110,000 kamili, basi umeipata sheria ya Marekani ikifanya kazi Paje.

Marekani kanuni hiyo haimdhuru mtu sana, kwa sababu mfanyakazi wa huko hupeleka ritani yake, yaani taarifa ya kipato na kodi, kila mwaka, na kilichokatwa zaidi hurudishwa. Mfanyakazi wako hana mlango huo. Mkaazi ambaye kipato chake chote ni cha ajira, na mwajiri wake anamkatia PAYE, kwa kawaida hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka, na kwa hiyo kilichokatwa kimakosa na programu ndicho kitakachobaki kimekatwa, isipokuwa wewe mhasibu ukikigundua. Ndiyo sababu ninalichukulia jambo hili kwa uzito. Kosa la alama moja kwenye kompyuta ya ofisini linakuwa hasara ya kudumu kwa mpishi au msafishaji wa vyumba, ambaye hana namna ya kuikagua hesabu.

Ukishakiacha kipengele hicho cha Marekani na kutengeneza chako, programu itakuuliza swali la njia: bonasi ijumlishwe na mshahara wa mwezi kisha jumla yake ipitishwe kwenye jedwali la mwezi, au isambazwe kwa mwaka mzima? Tofauti si ndogo. Tuchukue viwango vya mfano tu, ambavyo si vya TRA, na tuiache michango ya hifadhi ya jamii pembeni ili hesabu ionekane vizuri. Tuseme shilingi 300,000 za mwanzo za kila mwezi hazitozwi, 300,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 10, na zaidi ya hapo asilimia 30. Mfanyakazi ana mshahara wa 400,000, kwa hiyo kodi yake ya kila mwezi ni 10,000. Mwezi mmoja anapata bonasi ya 1,200,000. Ukijumlisha, mwezi huo ana 1,600,000: daraja la pili linatoa 30,000, na milioni moja inayobaki inatoa 300,000, jumla 330,000. Bonasi imemgharimu 320,000. Ukiisambaza, kila mwezi unaongezeka 100,000, kipato kinakuwa 500,000, kodi inakuwa 20,000, nyongeza ni 10,000 kwa mwezi, sawa na 120,000 kwa mwaka. Mtu yule yule, bonasi ile ile, na tofauti ya shilingi 200,000 imetokana na kisanduku kimoja.

Sheria ya Kodi ya Mapato huhesabu kodi ya mtu binafsi kwa mwaka wa mapato, ambao ni mwaka wa kalenda, na jedwali la mwezi limetokana na lile la mwaka. Kwa maoni yangu, mwajiri anayeijali haki ya wafanyakazi wake haweki njia ya mwezi mmoja kwa sababu tu ndiyo iliyokuja na programu. Iandikie ofisi ya TRA barua, eleza namna bonasi yenu inavyolipwa, uombe jibu la maandishi kuhusu njia ya kuitumia, kisha uliweke jibu hilo katika faili la mishahara. Na kila Disemba jumlisha mapato ya mwaka ya kila mtu, upime kodi yake kwa jedwali la mwaka, ulinganishe na ulichokata. Kipato cha ajira, kwa mtu binafsi, huhesabiwa pale kinapopokelewa. Kwa hiyo bonasi ya msimu wa Disemba inayolipwa Februari inaingia kwenye PAYE ya Februari na mwaka wake, hata kama katika vitabu vya hoteli umeshaiandika kuwa deni la Disemba. Hapo ndipo akaunti ya leja inapofanya kazi yake, na ni kawaida kabisa leja na orodha ya mishahara kuonesha miezi tofauti.

Mgao wa ada ya huduma ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu watu walipewa slipu za fedha ambazo hawakuzipata. Tazama kama uliuweka chini ya kipengele cha bahshishi. Baadhi ya programu za Marekani zina kipengele cha bahshishi taslimu, na kimetengenezwa kwa mhudumu ambaye mgeni amempa fedha mkononi, akazitia mfukoni, kisha akamwarifu mwajiri kiasi chake. Programu hukiongeza kiasi hicho kwenye kipato ili kodi ikatwe, halafu hukiondoa kwenye fedha za kulipwa, kwa kuwa inaamini mhudumu ameshakuwa nazo. Ada yenu ya huduma haiko hivyo. Mnaitoza kwenye bili ya mgeni, inaingia benki ya hoteli, na mwisho wa mwezi mnaigawa. Programu imemkata mtu kodi ya fedha ambazo zingali kwenye akaunti yenu, kisha ikamwondolea fedha zenyewe. Ni ile alama ya tano, inayopitwa bila kusomwa. Hata Marekani kwenyewe mamlaka ya kodi huitenga ada inayotozwa kwa lazima kwenye bili na bahshishi anayoitoa mgeni kwa hiari yake: ya kwanza huhesabiwa kuwa mshahara.

Tengeneza kipengele kipya, ukiite "Mgao wa ada ya huduma", kitozwe kodi, kilipwe mkononi, na kiasi chake kiwe cha kuingizwa upya kila mwezi, kwani mgao wa Agosti hauwezi kuwa sawa na wa mwezi wa masika ambapo nusu ya vyumba vimefungwa. Bahshishi halisi, ile ambayo mgeni anampa mhudumu mezani bila kupita kwenu, isiingie katika orodha ya mishahara. Hoteli haikuilipa wala haikuishika.

Mkono wa Idi nao ulipita bila kukatwa kwa sababu, nadhani, uliuweka kwenye kipengele cha zawadi. Ninaelewa moyo uliokuwa nyuma ya uamuzi huo, na sioni kosa kuiita zawadi mbele ya wafanyakazi. Lakini sheria inauliza malipo yametoka wapi. Kipato cha ajira kinajumuisha mishahara, ada, kamisheni, bonasi, posho na malipo mengine yanayotolewa kwa sababu ya ajira, pamoja na manufaa yasiyo ya fedha taslimu. Kama kila aliyemo kwenye orodha yako alipewa nusu ya mshahara wake kabla ya Idi, na jirani yake asiyefanya kazi kwenu hakupewa, basi amepewa kwa sababu ya ajira. Upe mkono huo wa Idi alama ya kodi kama bonasi, na ya malipo ya mara moja. Kama mwajiri anataka kila mtu aondoke na 200,000 kamili mkononi, hilo ni jema, na njia yake ni mwajiri kuongeza kiasi ghafi hadi baada ya makato ibaki 200,000, jambo ambalo programu nyingi hulifanya zenyewe ukiwasha hesabu ya kurudi nyuma kutoka kiasi halisi. Chakula kinachotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi katika kantini yenu ni jambo jengine, na sheria imekitoa katika hesabu ya kipato.

Usichanganye pia mkono wa Idi na advansi ya Ramadhani. Advansi ni mshahara uliotangulia kulipwa. Ukiiweka upande wa malipo badala ya makato ya baadaye, mtu atatozwa kodi mara mbili kwa fedha moja. Kosa hili linafanana na la nauli. Mfanyakazi uliyemtuma Pemba kwa kazi ya hoteli, akalipa boti mwenyewe na kukurudishia tiketi, anarejeshewa gharama na hakupata kipato, kwa hiyo kipengele chake hakina alama ya kodi wala ya ZSSF. Posho ya usafiri ya kiasi maalumu kila mwezi, awe amesafiri au hakusafiri, ni kipato.

Nirudi kwenye ZSSF, kwa kuwa hukuiuliza na ndiyo itakayobaki na athari ya muda mrefu. Alama ya kodi na alama ya hifadhi ya jamii ni mbili na hazifuatani. Kinachotozwa kodi si lazima kiwe ndicho kinachokatiwa mchango. Sheria ya mfuko ina maana yake ya mshahara, na ndiyo ya kuisoma kabla ya kugusa kisanduku hicho. Mpangilio wa hesabu nao una maana: mchango wa mfanyakazi kwa mfuko ulioidhinishwa hutolewa kwanza, na kodi hutozwa juu ya kinachobaki. Programu ikigeuza mpangilio huo, kila mtu hulipa kodi zaidi kidogo kila mwezi, na kwa vile ni kidogo, hakuna anayelalamika.

Hapa nataka kusema wazi jambo ambalo wahasibu hulijua na mara nyingi hawaliandiki. Wapo waajiri wanaougawa mshahara wa mtu vipande viwili, cha chini kikaitwa mshahara wa msingi na cha juu kikaitwa bonasi, ili mchango wa ZSSF ukatwe kwenye kipande kidogo. Malipo ya kiasi kile kile, kila mwezi, bila sharti lolote la kazi wala la faida ya hoteli, ni mshahara. Mwajiri akikuagiza uyaweke kwenye kipengele cha bonasi, programu itatii bila kuuliza, na miaka ishirini baadaye mtu atakwenda kudai mafao yake akute amewekewa akiba ya nusu ya jasho lake. Malimbikizo ya mshahara yasiwekwe kwenye bonasi kwa mtindo huo huo: ni mshahara wa miezi iliyopita, na mchango wake unadaiwa.

Kuhusu alama ya saa za ziada na likizo, nitasema kwa ufupi. Marekani, bonasi iliyoahidiwa kabla, kwa mfano ya kufikia lengo, huingizwa katika kiwango cha saa kinachotumika kukokotoa saa za ziada, na ile inayotolewa kwa hiari ya mwajiri haingizwi. Programu yako huenda imekuja na mgawanyo huo. Uzime, kisha uweke alama kwa kufuata mikataba yenu na Sheria ya Ajira ya Zanzibar.

Kwa kurekebisha, usivibadilishe vipengele vya zamani, kwani baadhi ya programu zitazihesabu upya slipu za miezi iliyokwishafungwa. Vifunge, utengeneze vipya. Kisha msajili mfanyakazi wa majaribio mwenye mshahara wa msingi tu, uendeshe mwezi mmoja, uone kama makato yanalingana na hesabu yako ya mkono. Mwongezee kipengele kimoja, uendeshe tena, utazame ni mistari gani imebadilika. Usiongeze viwili kwa pamoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichokosea. Umalizapo, mfute kabla ya orodha halisi, asije akaingia kwenye ritani ya PAYE, ambayo malipo yake yanatakiwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kumalizika.

Wafanyakazi waliokujia juu wana haki, na mwezi huu huu walipwe mgao wao wa ada ya huduma. Kwa kuwa kodi ya mgao huo ilishakatwa mwezi uliopita, uulipe kupitia mstari wa marekebisho usiotiwa alama ya kodi, ama sivyo programu itaukata kwa mara ya pili. ZSSF ni suala jengine: kama kipengele cha bahshishi hakikuwa na alama ya mchango, na sheria ya mfuko inaudai, mchango huo bado haujakatwa, kwa hiyo mstari huu uwe na alama hiyo. Kodi ya bonasi iliyozidi, kama bado hujaipeleka TRA, irudishe kwa mstari wake peke yake, "Rejesho la PAYE", usio na alama yoyote zaidi ya ile ya kulipwa mkononi. Kama umeshaipeleka, wasiliana na TRA kwanza kuhusu kurekebisha ritani ya mwezi ule, na uwaambie wafanyakazi kwa maandishi kiasi ambacho kila mmoja anadai.